Kipimo Tupu

Kisu ni cha plastiki, kinu ni cha kauri.
Chuma hakigusi jani humu ndani:
chuma hujisema chenyewe,
na mimi nimetumwa nisikilize la jani.

Majani ya kunde, mfuko wa kaki namba kumi na saba,
yamefika Tabora kwa basi la alfajiri
kutoka njia ya Nzega, upande wa makarasha,
ambako mawe husagwa usiku kucha yatapike dhahabu
na vumbi huenda linakotaka.
Shamba ni la shangazi yangu, Nyanzobe.
Kwenye fomu sikuandika shangazi.
Niliandika: mkulima, mke, miaka sitini na mmoja.

Mwongozo unasema: osha mara tatu
kwa maji yaliyokenekwa.
Nikasimama na jani mkononi.
Shangazi huosha mara moja, kwa maji ya lambo,
lambo lile lile wachimbaji wanakosafishia mchanga wao,
tena kwa haraka, mjukuu mgongoni.
Nikiosha kimaabara, nitakuwa nimepima
jani ambalo hakuna aliyewahi kulila.

Nikagawa mafungu mawili.
La kwanza nikaliosha kwa mwongozo.
La pili nikaliosha kwa shangazi:
kidumu cha maji ya lambo, nilimwomba anichotee.
Alicheka. "Kwani Tabora maji yamekwisha?"

Siku mbili kwenye tanuri, nyuzi sabini.
Yeye angeyaanika mwambani yawe nsansa,
akiba ya miezi ya kiangazi.
Kazi ni ile ile: kufukuza maji,
kubaki na kisichofukuzika.

Nusu gramu. Mizani hutetemeka nikipumua,
basi sipumui.
Asidi. Moshi wa rangi ya chungwa unapanda kwenye chemba,
jani linakuwa uji, uji unakuwa chai,
chai inakuwa maji maangavu,
hata usingejua lilikuwa na mishipa,
na kiwavi alilitoboa pembeni.

Na kando yake chupa moja isiyo na jani.
Asidi tupu, maji matupu, safari ile ile, moto ule ule.
Huyu ni shahidi ambaye hakuwepo;
tunamuuliza ili tujue wengine hawatudanganyi.

Jumatatu shahidi akataja risasi.

Lushinge akaitazama namba, akanitazama mimi,
akasema kwa upole wa mtu mwenye mke:
"Wanja, dada."

Wanja wa manga. Nilipakwa nikiwa mchanga, siku ya kutolewa nje,
na sijawahi kutoka bila huo tangu nivunje ungo.
Nikaenda bombani. Sabuni, maji, sabuni.
Nikarudi na sura ya mtu aliyeugua,
nikamwaga chupa zote kumi na mbili,
nikaanza na kisu cha plastiki.

Alhamisi umeme ukatulia. Mwali ukasimama wa buluu.
Chupa tupu ikanyamaza,
nikatamani kuipigia magoti.
Fungu la mwongozo likanong'ona, chini ya mstari.
Fungu la shangazi halikunong'ona.
Nikarudia. Nikarudia tena.
Risasi hii haina mlio,
huandika tarakimu mbili na nukta, basi.

Fomu ina kisanduku kimoja tu:
*Kiasi ndani ya jani.*
Nimekiacha wazi tangu saa nane.

Jioni akapiga simu yeye.
"Enhe, kunde zangu zimefaulu?"
Nikasema zimefaulu, shangazi. Jani lako halina kosa.
Akapiga nusu kigelegele, salio likakatika.

La maji sikuwahi kulisema.
Ningemwambia aoshe kwa maji gani?
Kidumu chake kiko hapa chini ya meza, nusu.
Kimekaa wiki nzima bila kuguswa.
Juu, maji unaweza kujitazama.
Chini kumetua vumbi jeusi, laini,
laini kiasi cha kuchovya kijiti
na kupaka jichoni.